"Mwanangu, hapa naandika wapi?"

Jumamosi, saa nne na nusu asubuhi, Mbagala, Dar es Salaam. Tumekaa kwenye viti vya plastiki nje ya nyumba ya mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa. Mwembe umetupa kivuli, lakini kivuli chenyewe ni cha matobo matobo na jua linapenya. Mama mweka hazina ameshika simu kwa mkono wa kushoto. Wa kulia ameukinga juu ya kioo, kama mtu anayezuia mshumaa usizimwe na upepo. Mbele yake kuna ukurasa nilioutengeneza mimi: fomu ya kusajili mwanachama mpya.

Akaiinamisha simu huku. Akaigeuza kule. Akaivuta karibu, akaipeleka mbali. Kisha akanigeukia.

"Mwanangu, hapa naandika wapi?"

Hapo, mama. Nikamwonyesha kwa kidole. Akagusa, kibodi ikapanda, akaandika jina. Alipomaliza akakitazama tena kioo kwa muda, halafu akaniuliza swali lile lile kwa kisanduku cha pili.

Na cha tatu.

Visanduku vilikuwa tisa.

## "Atazoea"

Nilipomsimulia mwenzangu wa kazi (yeye huchora, mimi huandika CSS, lugha inayoupa ukurasa wa mtandao sura yake), alinijibu neno moja: atazoea.

Sikumlaumu, maana nami ndivyo nilivyotamani iwe. Ukurasa ule tuliupenda. Mandhari nyeupe, visanduku vyeupe, fremu ya pikseli moja ya kijivu kilichopauka, namba yake #E0E0E0. Lebo, yaani jina la kisanduku, ilikaa ndani yake, na ukikigusa inapanda juu na kuwa ndogo. Tuliwaonyesha waliotupa kazi wakiwa ofisini kwao, mapazia yameshushwa, kiyoyozi kinavuma, kompyuta kubwa mezani. Wakasema neno ambalo kila mtu wa kazi yetu hupenda kulisikia: safi.

Kwa hiyo niliporudi nyumbani Jumamosi ile nilijiambia kwamba ni ugeni tu. Wiki ya pili itakuwa rahisi, ya tatu atakuwa anawafundisha wenzake.

Lakini mama yule hutuma na kupokea hela kwa simu kutwa nzima. Yumo kwenye makundi ya WhatsApp ya msikitini, ya ukoo, ya kikundi na ya wazazi wa shule ya mjukuu wake. Sijawahi kusikia amemuuliza mtu aandike wapi kwenye WhatsApp. Pale chini kuna kidonge cheupe kimelala juu ya mandhari ya rangi nyingine, na jicho linakiona kabla hata hujafikiri. Simu anaijua. Ameitumia miaka na miaka bila mimi.

Ndipo neno "safi" likaanza kunikera. Tulikuwa tumesafisha nini hasa? Tuliondoa kivuli, tukaondoa rangi ya ndani, tukapunguza fremu, tukaificha lebo. Kila hatua ilipunguza kitu kimoja kilichokuwa kinasema "andika hapa". Mwisho ukurasa ukabaki mtulivu kwelikweli, kwa sababu haukuwa unamwambia mtu lolote.

## Kaunta buku

Jumamosi iliyofuata nilikwenda tena. Sikubeba kompyuta. Nilisalimia, shikamoo, marahaba, nikaomba kukaa pembeni tu nitazame wanavyofanya mkutano wao.

Kikundi kina wanachama 28. Sanduku la fedha ni la bati lenye kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Likishafunguliwa, mama mweka hazina anafungua kaunta buku lake, na hapo ndipo nilipoona kitu ambacho nilipaswa kukitazama kabla sijaandika hata mstari mmoja wa CSS.

Kila ukurasa ameupiga mistari mwenyewe, kwa rula na kalamu nyekundu. Namba. Jina. Simu. Hisa. Mfuko wa jamii. Mkopo. Sahihi.

Safu ya namba ni nyembamba, upana wa kidole kimoja. Ya jina imechukua karibu theluthi ya ukurasa, kwa sababu watu wetu wana majina matatu na yote yanaandikwa. Ya simu inatosha tarakimu kumi, na nafasi kidogo imebaki. Lakini ya sahihi ilinishangaza. Ni pana kuliko nilivyotarajia, na mistari yake ya ulalo imeachana zaidi. Nikamuuliza kwa nini.

"Wapo wanaoweka dole gumba," akasema. "Wino unasambaa. Nikiiacha nyembamba, dole la huyu linamwangukia mwenzake."

Nililitazama lile buku kwa muda mrefu. Mtu ambaye nilikuwa nataka kumwambia atazoea amekuwa akibuni visanduku vya kuandikia kwa miaka. Amefikiria nani ataandika, ataandika nini, kitachukua nafasi gani, na mkono wake ukoje. Kisha akachagua rangi nyekundu, ili mistari isichanganyike na wino wa bluu wa maandishi.

Visanduku vyangu tisa vilikuwa na upana mmoja. Cha umri, tarakimu mbili, kilikuwa sawasawa na cha jina kamili.

Upana wa kisanduku ni maelezo, hata kama hatujakusudia kueleza. Kikiwa kirefu, mtu anahisi anadaiwa maneno mengi. Kikiwa kifupi, anajua jibu ni fupi. Timu inayotunza mtindo wa tovuti za serikali ya Uingereza, GOV.UK, ina upana maalumu kwa tarakimu mbili, tatu, nne, tano, kumi na ishirini, ili kisanduku kilingane na jibu linalotarajiwa. Niliwahi kuupitia ukurasa wao kwa haraka nikaona ni uangalifu uliopitiliza. Baada ya kaunta buku lile niliurudia nikausoma taratibu.

## Hesabu ya jua

Nilipofika nyumbani nilipima fremu yangu. Miongozo ya WCAG, ile ya kufanya kurasa zitumiwe na watu wote, inayotolewa na W3C, shirika la viwango vya mtandao, ilitaka tangu 2008 maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa 4.5 kwa 1 au zaidi. Toleo la 2.1, la Juni 2018, likaongeza kwamba hata mistari inayomwonyesha mtu kwamba hiki ni kisanduku nayo ifike 3 kwa 1.

Fremu yangu ya #E0E0E0 juu ya nyeupe ilitoa 1.3.

Maandishi ya mfano niliyoyaweka ndani ya visanduku, #BDBDBD, yalitoa 1.9.

Aibu niliisikia, ila nilidhani tiba yake ni nyepesi. Nikabadili fremu kuwa #949494, ambayo inavuka 3 kwa uzi mwembamba. Nikajaribu mezani kwangu, ikaonekana. Nikatoka nayo uani saa sita mchana, nikasimama juani, nikaitafuta.

Niliipata, lakini niliipata kwa sababu nilijua iko wapi.

Usiku ule niliifungua fomula yenyewe, kitu ambacho kwa miaka yote ya kazi hii sikuwahi kukifanya. Nilikuwa naiamini tu ile tiki ya kijani ya kifaa cha kupimia. Fomula ni fupi. Unachukua mwangaza wa rangi iliyo nyeupe zaidi, unajumlisha 0.05. Unagawanya kwa mwangaza wa rangi ya pili, nao umejumlishiwa 0.05. Ile 0.05 imewekwa kwa ajili ya mwanga wa mahali ulipo unaodunda kwenye kioo na kukurudia machoni. Maana yake fomula imeshakadiria kwamba umekaa ndani, mahali pa mwanga wa wastani.

Mama mweka hazina hakuwa amekaa ndani.

Nikajaribu kuikuza ile namba. Sikuwa na kifaa cha kupimia mwanga wa pale Mbagala, kwa hiyo niliweka 0.5, mara kumi, nione tu mambo yanaelekea wapi. Nyeupe ina mwangaza wa 1. #E0E0E0 ni 0.745. Moja na nusu gawanya kwa 1.245: uwiano unashuka hadi 1.2. Hiyo ni fremu ya kubahatisha. Nikaiweka #949494, niliyokuwa najivunia kwamba imevuka kiwango. Ikatoa 1.9. Nikaenda #6B6B6B, ambayo ndani ya nyumba ni 5.3, na juani ikaanguka hadi 2.3. Nikafika #333333, karibu nyeusi, 12.6 kwa kipimo cha kawaida. Juani ikabaki 2.8.

Nimeyarudia mahesabu haya mara kadhaa, na kila mara yananiambia jambo lile lile. Kile kiwango cha chini tunachokikimbilia kimekadiriwa kwa ajili ya mtu aliye chumbani. Ukiwajengea watu wanaofanya kazi nje, wanaouza samaki, wanaokusanya ushuru stendi, wanaoandikisha wakulima shambani, anza na giza uliloliona limezidi, halafu uliongeze.

Fremu yangu sasa ni #333333, pikseli mbili. Mwenzangu alipoiona alinyamaza kidogo. Akasema inaonekana kama fomu ya serikali. Nikamwambia fomu za serikali watu wanajua pa kuandika.

## Nukta nukta

Hata hivyo nilikuwa na shaka nyingine, na hii ilinichukua siku nyingi kuliko zote.

Fomu za karatasi tulizokua nazo hazina visanduku. Zina nukta. *Jina........................ Kata........................* Watu wetu wamejaza nukta hizo shuleni, zahanati, serikali za mtaa. Kwa nini basi nisitumie mstari mmoja wa chini, kama karatasi? Ungekuwa mwepesi, ungekuwa wa kwetu, na mwenzangu angefurahi.

Nikautengeneza. Kwa kweli ulipendeza.

Kilichonirudisha nyuma ni kuukumbuka mwaka 2014, Google walipotoa Material, mtindo wao wa kuchora kurasa na programu. Visanduku vyao vya kuandikia vilikuwa hivyo hivyo, mstari wa chini peke yake. Sote tuliiga. Baada ya kuvijaribu na watumiaji waligundua kwamba umbo lililozungushiwa watu wanalitambua upesi zaidi kuliko mstari mtupu, na mwaka 2018 mtindo wao mpya ukaja na visanduku vyenye rangi ndani au fremu kamili.

Nikaelewa mstari wangu ulikuwa unakosea wapi. Kwenye karatasi, mstari hauna mshindani. Kwenye simu mistari imejaa: unaotenganisha habari na habari, unaokaa chini ya kichwa cha ukurasa, ulio chini ya kiungo. Mstari wa kuandikia ukiingia humo unapotea kama mtu aliyevaa sare kwenye gwaride. Tena karatasi yote inagusika, ukiandika juu kidogo ya nukta hakuna atakayekukataza. Kwenye simu lazima kidole kitue ndani ya eneo fulani, na mstari hauonyeshi eneo hilo linaanzia wapi.

Vivinjari vya mwanzo vililijua hili. HTML 2.0, lugha ya kuundia kurasa, toleo la mwaka 1995, ilikuwa na visanduku vya maandishi tayari, na vilichorwa vikiwa vimebonyea ndani, vina kivuli juu na kushoto, kama kishimo kilichochongwa ukutani. Tulivicheka kwamba ni vya kizamani. Kishimo kinaita kitu kiwekwe ndani yake.

## Maandishi ya mfano

Kuna tukio la siku ile ya kwanza sijalisema.

Kisanduku cha hisa nilikuwa nimekiwekea mfano ndani kwa kijivu: 5,000. Nilidhani nawasaidia. Katibu, kijana wa miaka kama 30 mwenye macho mazuri, aliiona ile 5,000, akapita. Akabofya Hifadhi. Maandishi mekundu yakatokea: *Sehemu hii inahitajika.*

"Mbona imeshajazwa?" akauliza.

Hakuwa na hasira. Alikuwa anaushangaa mfumo uliomwonyesha namba kisha ukamkatalia kwamba haioni.

Mwanzoni nilifikiri tatizo ni rangi, nikataka kuikoza kama nilivyofanya fremu. Na hapa ndipo nilipokwama. Maandishi ya mfano yakiwa hafifu, mama hawezi kuyasoma. Yakikolea, kijana anadhani ni jibu. Nilijaribu rangi nne katikati ya hapo, nikajaribu mlazo, nikajaribu kuweka neno "Mfano:" mbele. Hakuna rangi inayowafaa wote wawili, kwa sababu kitu chenyewe kimekaa mahali pa jibu. Isitoshe ukianza kuandika kinatoweka, wakati ule ule unaokihitaji kukumbuka namba ianze na 0 au na 255.

Nikayafuta yote. Visanduku vyote sasa ni vitupu kabisa. Maelezo yanakaa juu ya kisanduku, chini ya lebo, kwa herufi za kawaida: *Andika kiasi kwa shilingi, mfano 5000.* Nimeyaweka juu na si chini, kwa sababu kwenye simu upande wa chini hufunikwa na kibodi au na orodha ya mapendekezo ya kivinjari.

Utupu ule mwanzoni ulinitisha. Nilikuwa nimezoea kuujaza.

## Namba ya Kitambu…

Lebo iliyokaa ndani ya kisanduku niliiondoa siku hiyo hiyo, na sababu yake inatuhusu sisi hasa tunaoandika kwa Kiswahili.

Michoro yetu yote ilianza kwa Kiingereza. Lebo za Kiingereza ni maneno mawili mafupi, zikakaa vizuri ndani ya visanduku viwili vilivyopangwa ubavu kwa ubavu. Mwishoni nikatafsiri. Kimoja kikawa Namba ya Kitambulisho cha Taifa. Cha pembeni yake, Namba ya Kitambulisho cha Mpiga Kura. Nafasi haikutosha, kivinjari kikakata na kuweka nukta tatu, na kwenye simu ya mama mweka hazina vikasomeka hivi:

Namba ya Kitambu…

Namba ya Kitambu…

Visanduku viwili jirani vyenye jina moja. Nani angejua aandike nini wapi? Mimi niliyajaribu haya kwenye kompyuta yenye kioo kipana, nikaona yako sawa, nikafunga kazi.

Namba ya NIDA yenyewe, ile ya kitambulisho cha taifa, ina tarakimu 20. Kwenye kadi imeandikwa kwa mafungu, nane, tano, tano, mbili, yenye vistari katikati, na nane za kwanza ni tarehe ya kuzaliwa. Kisanduku changu cha nusu ukurasa kilionyesha tarakimu kama kumi na nne. Ukifika ya kumi na tano, za mwanzo zinajificha kushoto. Mtu hawezi kulinganisha kadi na alichoandika, na tarakimu 20 hakuna anayeziandika bila kulinganisha. Na aliyefuata kadi kwa uaminifu, akaandika na vistari, mfumo ulimwambia namba si sahihi.

Sasa kisanduku kile kimechukua mstari mzima. Herufi zimeachana kidogo, tarakimu zote zina upana mmoja ili 1 isibanwe na 8. Vistari vinapokelewa, mimi ndiye navitoa nyuma ya pazia. Kibodi inayopanda ni ya namba. Na herufi za visanduku vyote nimezirithisha kutoka kwenye ukurasa, kwani kivinjari kikiachiwa huzipunguza hadi pikseli 13 na kitu, na kwenye iPhone chochote chini ya 16 hufanya ukurasa mzima ukuzwe ghafla mtu anapogusa.

Jambo jingine dogo, ambalo mimi naliona kubwa. Katibu huandika kumbukumbu za mkutano kwa kompyuta ndogo, kwenye kisanduku kikubwa cha maelezo. Aliandika "Mchango wa msiba". Chini ya kila neno ukatokea mstari mwekundu wa mawimbi. Akafuta, akaandika upya, taratibu zaidi. Ukatokea tena. Akaniuliza kwa sauti ya chini kama "msiba" inaandikwa vinginevyo.

Kivinjari kilikuwa kinakagua Kiswahili chake kwa kamusi ya Kiingereza. Na kwenye fomu yetu rangi nyekundu ilikuwa na maana moja tu: umekosea. Mtu mzima, katibu, anaandika lugha yake bila kosa lolote, na kisanduku nilichokitengeneza mimi kinamwambia kila neno ni kosa. Ilinichoma. Tiba yake ni vitu viwili vya kuandika ndani ya HTML, kuutaja ukurasa kuwa ni wa Kiswahili, lang="sw", na kukizuia kisanduku kukagua tahajia, spellcheck="false". Dakika mbili za kazi. Nimefanya kazi hii miaka mingi na sikuwahi kuviweka.

## Kimstari kinachopepesa

Nilikuwa nimefuta pia ile duara ya bluu ambayo kivinjari huizungusha kwenye kisanduku kilichochaguliwa. Mstari mmoja, outline: none, niliunakili kutoka kwenye mradi wa zamani ambao nao uliunakili kwingine. Mwaka 2007 Eric Meyer, mtaalamu wa CSS, alitoa faili lake la kusawazisha CSS likiwa na mstari wa namna hiyo, pamoja na ukumbusho kwamba anayeutumia aweke mtindo wake badala yake. Mstari ulisambaa dunia nzima. Ukumbusho ulibaki njiani, na toleo la pili la 2011 halikuurudisha mstari ule, ila nakala zilikuwa zimeshaenea.

Bila duara ile, kilichobaki kumwambia mama kwamba yuko kisanduku hiki na si kile ni kimstari chembamba kinachopepesa. Juani, kwa macho yaliyovuka miaka hamsini, hakipo.

Nimeweka fremu ya pikseli nne ya bluu iliyokolea, na ndani rangi ya manjano hafifu. Si nzuri sana, nakubali. Inaonekana ukiwa umesimama nyuma ya mtu hatua mbili.

## Jumamosi ya nne

Juzi nilirudi na ukurasa mpya. Saa nne na nusu, kiti kile kile. Mama mweka hazina akaichukua simu, mkono wa kulia ukaanza kupanda kukinga kioo kwa mazoea, ukaishia njiani. Akagusa kisanduku cha kwanza. Akaandika jina, yote matatu. Akashuka cha pili. Nilijikaza nisinyooshe kidole.

Hakuniuliza.

Alimsajili mwanachama mmoja, wawili, kisha akampa simu mama aliyekaa kushoto kwake ajisajili mwenyewe. "Andika hapa," akamwambia, akaendelea na kaunta buku, kwa sababu wamekubaliana vyote viwili viende pamoja mpaka mwisho wa mzunguko, Desemba.

Simu ilipita mikono mitano. Ya sita ilikuwa ya bibi mmoja anayeuza vitumbua. Alifika kwenye tarehe ya kuzaliwa, akasimama. Nikainuka nikamsogelea, nikidhani ni fremu tena.

"Naiona, mjukuu wangu," akasema. "Ila mimi najua mwaka tu."

Ile kalenda niliyoiweka ilikuwa imefunguka kwenye mwezi huu wa mwaka huu, na haikubali mwaka peke yake. Mama mweka hazina akaligeuza kaunta buku hadi kwenye kurasa za usajili, akanionyesha mstari wa bibi yule, ulioandikwa miaka mitatu nyuma. Kwenye nafasi ya kuzaliwa kuna tarakimu nne, 1951, na mbele yake karatasi tupu.

Usiku huu nimeitoa kalenda. Nimeweka visanduku vitatu: siku, mwezi, mwaka. Viwili vya kwanza ni vya upana wa tarakimu mbili, na vinaweza kubaki vitupu.